Sauti ya Besi

Nimevua saa, pete, suruali,
nimevaa gauni la kijani lililo wazi mgongoni,
na mimi niliyebeba magunia ya kahawa miaka ishirini
natetemeka kama jani la mgomba.

"Ngiri," daktari alisema, kama anayemtaja jirani.
Mke wangu anasema ni besi iliyonipasua,
lile dude la shaba nililolipuliza
kutoka Kidia hadi Moshi mjini, harusi na misiba.

Nesi Haikaeli anauliza, "Unapenda muziki gani, baba?"
Meno yanagongana. Kwenye simu yangu, namwambia,
pale palipoandikwa Alhamisi.
Ananivika spika masikioni taratibu,
kama mtu anayemfunika kuku kwa tenga.

Sindano ya mgongo imeshazama.
Miguu imeondoka, imeniacha kiunoni.
Nyuma ya pazia
vyuma vinasemezana na sinia.

Kisha nasikia benchi likiburuzwa.
Mtu anakohoa: Ndelilio huyo, na sigara zake.
Mbuzi wa mchungaji analia dirishani.
Mwalimu anahesabu, moja, mbili,
na tarumbeta zinapanda, zinagongana, zinapatana,
Elingaya akichelewa nusu pigo
kama alivyochelewa miaka kumi na minne.

Lakini chini kabisa, pale pangu, kimya.
Hawakumpa mtu besi.
Wamepiga wimbo mzima wakiliruka shimo.

Basi naingia.
Vidole vya kulia, chini ya shuka,
vinabonyeza: cha kwanza, cha kwanza na cha tatu, wazi.
Navuta pumzi ya tumboni, ile ndefu.
"Baba, tumbo!" daktari anasema. "Litulize."
Napuliza kwa pua.

Mashine iliyokuwa ikilia mbiombio
inaanza kumfuata mwalimu.
Haikaeli anaitazama, anatazama vidole vyangu,
anaongeza sauti kidogo. Hasemi kitu.

Usiku, ganzi inapokwisha, maumivu yanaingia na viatu.
Nikisema muziki unayafukuza nitakuwa mwongo.
Yanakaa. Ila yanakaa kama mgeni kanisani
asiyeujua wimbo,
akisubiri wenzake wamalize.

Kitanda cha pili yupo kijana wa bodaboda,
goti limeshonwa, macho hayafungi.
Ananiuliza nasikiliza nini.
Nampa spika moja.
Anasikiliza hadi mwisho, uso ameukunja.
"Mzee, mbona kuna kitu kinakosekana?"

"Kipo," namwambia. "Kimelala hapa."