Nyumba Kumi na Saba

Ramani ni ya mwaka thelathini na sita.
Thurmond aliinunua kwa bei ya soda
katika ghala la chini la mahakama ya wilaya,
huku kwetu Arkansas wanakotupia
vitu wanavyoona haya kuvichoma.

Tumeitandaza juu ya meza ya shangazi Arvella.
Pembe moja kikopo cha chumvi, pembe moja kikaango,
ya tatu kiwiko changu.
Ya nne ilishaliwa na panya.

Kahawia ni mwinuko. Buluu ni maji.
Kijani ni msitu, na msitu ulikuwa haba enzi hizo:
pamba ilifika hadi kizingitini.
Na weusi ndio sisi, anasema Thurmond,
akigusa vimraba vya wino,
ufuta uliomwagika kando ya kijito,
kwenye pindo kabisa la karatasi.
Nimevihesabu mara mbili. Kumi na saba.

Kijito kina jina: la mwenye shamba.
Daraja lina jina: la mwenye shamba.
Hata kinamasi, ambacho hakuna aliyekitaka,
kina jina la mkwewe.
Vimraba vyetu, kimya.
Kimoja kina bendera: shule.
Kimoja kina msalaba. Basi.

"Hapo ni Nebo," shangazi anasema.
"Mlima Nebo."
Nikacheka, maana mpima ardhi
ameupa mlima huo mistari miwili tu.
Yeye hakucheka.
"Wewe uliwahi kuupanda na ndoo mbili?"

Jumamosi ya Februari tukaingia misonobarini.
Kampuni ya mbao imeipanda kwa safu,
kila mti pacha wa jirani yake,
na humo ndani hata ndege wanapotea.
Simu hazikushika mtandao.
Ramani, ndani ya mfuko wa mkate, ilishika.

Nyumba ya kwanza tuliiona rangi kabla ya kuifikia:
nargisi za manjano, zimechanua
kwa mstari ulionyooka, halafu kona, halafu mstari,
zikizunguka baraza ambayo haipo.
Kuna mtu alipiga magoti hapa akafukia vitunguu vyake.
Kuna mtu alisema: tutakaa.

Ya tatu, matofali ya dohani na mlango wa jiko la chuma.
Ya saba, kitako cha chupa.
Ya kumi na moja hakuna kitu, ila ardhi imebonyea
kama godoro la mtu aliyeugua muda mrefu.
Kwenye ya kumi na tatu tulipotea, tukagombana,
Thurmond akakaa juu ya gogo akala mkate wote peke yake.

Jioni tulikuwa na kumi na sita.

Shangazi alikuwa anamenya viazi vitamu.
Tukamwonyesha kimraba kilichobaki, nyuma ya kanisa.
Akavaa miwani. Akainama. Mabega yakatikisika,
nami nikadhani analia.
"Hilo," akasema, "ni banda la kuku la Dada Ozella!"
Akacheka hadi kisu kikaanguka.

Kisha akakaa.
"Namkumbuka bwana yule.
Alisimama uani na kile chombo chake cha miguu mitatu.
Mama akampa maji, kwenye gilasi ile ya wageni.
Akanywa yote. Akawahesabu kuku.
Hakuuliza panaitwaje."

Tukanyamaza wote. Viazi vikaanza kuchemka.

"Lete penseli."

Akailamba ncha, kama walivyofundishwa
kwenye kile kimraba chenye bendera,
akaandika kwa herufi kubwa, polepole,
kubwa kuliko kijito, kubwa kuliko daraja,
N, E, B,
na karatasi ikamwishia.
Hakusita. Ile O akaiandika
juu ya kitambaa cha meza.

Hatujakifua.