Dakika Tatu

Walitupima kilo kabla ya kupanda ndege:
mimi, begi langu la mapezi, na mama mmoja
aliyepakata keki ya harusi ndani ya debe la biskuti.
Tulitua majanini. Mtoto alikuwa amekwisha fukuza nguruwe.

"Hoteli hapana," alisema Nelta,
mkono mmoja akinisalimu, wa pili umeshika spana.
"Choo kiko mwisho wa daraja. Ukisikia kitu kinatumbukia,
huyo ni mamba mdogo. Mkubwa hana kelele."

Kompresa ilikohoa chini ya paa la majani ya msago.
Kando yake, katika kiti cha plastiki
kilichofungiwa magurudumu ya baiskeli,
Luten, baba yake, aliitega pua kwenye kila mtungi
kama mnunuzi anayenusa gunia la mchele.
"Huu safi. Huu safi.
Huo mwaga, una dizeli."

Tukazama.
Mita kumi, ishirini, rangi nyekundu ikatuaga ya kwanza.
Matumbawe yametandazwa kama meza za karamu
ambayo wageni wake wamepotea njia.
Papa watatu walipita na shughuli zao.
Nilikuwa nimelipa pesa nyingi ili nisiwe na neno la kusema,
na sikuwa nalo.

Jioni Luten akauliza, "Umeona nini?"
Nikamhesabia. Akanisahihisha:
yule pweza hakai pale, anakaa jiwe la pili, kushoto.
"Na majongoo bahari?"
"Hata mmoja."
"Niliwamaliza mimi," akasema, akatema tambuu.

Mfanyabiashara alikuja na mitungi, na mizani.
Mafunzo hakuja nayo.
Walizama mara nane kwa siku, kwa bei ya kilo,
na siku ya kumi na moja Luten alipanda upesi, gunia limejaa.
Gunia lilifika juu.
Miguu yake ilibaki kule chini.
Hospitali ilikuwa siku mbili kwa boti.
Mwenye mizani akapima, akalipa, akaenda zake.

Kwetu tuna methali juu ya haraka.
Nilikuwa nayo ulimini. Nikaimeza na chai.

Kesho yake, tukirudi juu, kwenye mita tano
Nelta akashika kamba, akanyosha vidole vitatu:
dakika tatu, damu itulie.
Ya kwanza niliimaliza nikitazama saa.
Ya pili, nikitazama tumbo la boti, jeusi, limeota magugu.
Katika ya tatu mkono ukashuka ubavuni,
ukaingia majini hadi kiwiko,
vidole wazi, haushiki kitu,
ukakaa.

Nelta aliutazama. Hakuusogelea.

Saa yangu ikalia: muda umetimia, pandeni.
Nelta akaongeza kidole cha nne.