Desibeli Tatu

Plovdiv, Januari. Theluji imeganda dirishani.
Namchomelea baba kichujio cha redio:
rezista mbili, kapasita moja ya kijani
niliyoing'oa kwenye santuri ya marehemu mjomba Spas.

Waya unatoka kwenye kadi ya sauti,
unapita saketi, unarudi kwenye kadi.
Lakini kwanza nimeunga tundu kwa tundu, saketi kando,
kadi ijisikilize yenyewe.
Apimaye naye hupimwa.

Mluzi unapanda:
mngurumo wa friji usiku wa manane,
kisha filimbi, kisha ncha ya sindano.
Kwenye skrini mstari unakwenda sawa, sawa,
halafu unainama, desibeli tatu,
unateremka kama mtu aliyechoka kubishana.
Umeme wa nyumba umechomoza kwenye hamsini,
msumari uleule. Nauacha.

"Mbona umeuzima?" auliza Metodi, baba yangu,
sikio kwenye spika.

Sijauzima.
Hertzi elfu nne tu, mwembamba, mimi nausikia.
Paka ameinua kichwa.

Nachukua karatasi,
naanza kuchora mstari wa pili,
usiopita kwenye waya wowote.