Ukuta wa Itale

Nyumba hii ya Torry, ng'ambo ya bandari ya Aberdeen,
ilijengwa na watu waliouogopa upepo kuliko deni:
kuta za itale, unene wake mkono wangu,
kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.
Nimepima. Fundi wa intaneti alinicheka,
kisha akapima naye, akaacha.

Ruta iko sebuleni, taa tatu za kijani
na ya nne isiyoamua.
Mbaruku yuko juu, chumba cha nyuma,
ambako mawimbi hufika yamechoka
kama wageni walioshuka kituo kisicho chao.
"Mama, usipashe chakula!"
Maana maikrowevu ikinguruma tu
askari wa mwanangu husimama kama sanamu,
na watu wa Kanada humuua hana habari.
Nimekula wali baridi kwa ajili ya vita
nisivyojua vilianza lini, wala vinagombewa nini.

Tumejaribu kila dawa. Ruta juu ya kabati.
Ruta kwenye ngazi, imefungwa kwa mkanda wa koti langu.
Karatasi ya fedha ya kuokea, imesimamishwa kama sikio la punda,
shauri la Bwana Farquhar wa chini,
ambaye, nimekuja kugundua, nenosiri letu analo,
na kila jioni hutazama mbio za farasi kwa jasho langu.
"Alituletea supu," Mbaruku akajitetea.
Basi, yaishe.
Penye nia pana njia, tuliambiwa.
Aliyesema hakupanga Torry.

Ijumaa nikatoka zamu, saa kumi na moja alfajiri,
nimewageuza wazee kumi na wawili, ubavu huu, ubavu huu,
wasipate vidonda.
Taa ya juu inawaka. Nikapanda na maneno yangu mdomoni.
Amelala mezani, shavu juu ya kibodi,
hedifoni shingoni, na ndani yake sauti
inahangaika kama nzi katika chupa.
Nikaivaa.

"Baruku! Baruku, lango!"
"Amelala. Mimi ni mama yake."
Kimya. Kirefu. Nikadhani ni itale.
"Samahani, mama. Mimi Dale. Niko Saskatchewan.
Langoni hakuna mtu. Tumejenga miezi miwili."
"Nifanye nini?"
"Bonyeza W, utembee. Ukiona kitu, sema tu."

Nikaliinua shavu la mwanangu, nikabonyeza.
Askari akafikiri kwanza. Ndipo akapiga hatua,
kama magoti yangu kwenye ngazi za nyumba hii.
Tukaelewana, yeye na mimi.

Nikalinda mji nisioujua, wa watoto nisiowaona.
Msichana mmoja, Jagoda, wa Gdańsk,
akaniuliza kama huku kunanyesha.
Kunanyesha, nikasema.
Huku pia, akasema, na tukanyamaza vizuri.

Mwanangu hunipa maneno mawili kwa siku,
moja likiwa "sawa".
Kumbe maneno anayo.
"Ijumaa," Dale akasema, "hatuanzi vita vikubwa.
Hutuambia, subirini, mama hajaingia.
Huvua hedifoni sikio moja, asikie mlango.
Leo nadhani kakungoja mpaka kashindwa."

Sikujibu. Acha wadhani ni mtandao umekwama.

Mara kitu kikapita penye miti ya skrini.
"Kitu!" nikapiga kelele, kwa Kiswahili,
na wote wakaelewa, wakaja mbio,
na kilikuwa kulungu.
Wakanicheka mpaka Gdańsk ikakatika.

Saa kumi na mbili wakafunga lango.
Nikamfunika Mbaruku koti, lile lisilo na mkanda.
Jikoni sahani yangu ilikuwa ndani ya maikrowevu.
Vita vimekwisha, ningeweza kuipasha.
Nikala baridi, nimesimama,
huku taa ya nne ikiwaka, ikizima,
na chini Bwana Farquhar akikohoa, ameshaamka,
anatafuta farasi wa mapema.