Karabai, Nyimbo Kumi na Moja

Gazeti hufika Kigoma likiwa limechoka,
siku mbili ndani ya basi, pembe zimekunjika,
na ndivyo tulivyosoma Jumatano maneno ya Jumatatu:
"Karabai ya Siwema inawaka, ila haimuliki."
Mwandishi akauliza pia, nani leo anatumia karabai?
Nikamhurumia. Hajui umeme wetu.

Mimi nina kibanda Mwanga, nyuma ya wauza mitumba.
Kompyuta moja, spika mbili, moja imepasuka kifua.
Narusha nyimbo kwenye memori kadi, kwenye flashi,
na kila wimbo unaotoka nauchorea mstari daftarini,
si kwa ajili ya kodi, ni tabia tu,
kama mtu anayehesabu ngazi akipanda.

Wiki ile kila mtu alikuwa na shahada ya muziki.
Mtangazaji wa asubuhi alisema sauti ni changa,
muhogo wa miezi mitatu, ungeachwa ardhini.
Mwalimu Gwimo wa Kiswahili aliandika kurasa tatu kwa mkono,
akazibandika ukutani kwangu kwa gundi ya unga:
vina vya kulazimisha, "moyo" na "hiyo",
aibu kwa shule iliyomfundisha.
Ni yeye aliyemfundisha.
Shangazi zake wa Ujiji wakasema Kiha chake kina vumbi la Dar.
Kijana wa bodaboda, bila kuzima pikipiki:
"Oya, kali. Ila ya pili irukwe."

Wote walisifu namba moja. Gazeti liliuita wimbo wa mwaka,
na mwaka ulikuwa bado Februari.

Daftari langu lina maoni mengine.
Namba moja: mistari sitini na miwili.
Namba saba: nimeongeza karatasi.
Hiyo saba haina ngoma. Siwema yuko peke yake na mvua
iliyopiga bati la studio, wakasahau kuifuta,
na gazeti likaandika: kosa la kiufundi.
Wauguzi wa Maweni wanaitaka kabla ya zamu ya usiku.
Mama mmoja anayevusha unga kwenda Kongo
aliichukua mara mbili, kwenye kadi mbili,
"moja ikilowa."

Sitadanganya, namba nne ni mbaya.
Mimi niliyelala na albamu hii masikioni nasema:
anamwiga mtu, sijui nani,
anatembea ndani ya wimbo kama mtoto
aliyevaa viatu vya mkubwa.
Mbele ya namba nne daftari ni jeupe.

Ijumaa, baada ya swala, akaja mzee Ruhuza,
baba yake, mkamua mawese wa Simbo,
kucha za rangi ya machungwa hata akinawa kwa majivu,
redio ndogo ndani ya mfuko wa rambo.
Akasimama mbele ya kurasa za Mwalimu Gwimo,
akazisoma zote, midomo ikitembea.
Nilijifanya natafuta waya.

"Zipi walizozitukana?"
Nikasema, saba. Nusu ya tisa. Na nne, kila mtu.
"Nitilie hizo."
Na ya kwanza, mzee? Hiyo inasifiwa mno.
"Hiyo ishapata wenyewe."

Umeme ukakatika, asilimia arobaini.
Hakuondoka. Alikaa juu ya kreti ya soda,
akaniuliza kama "moyo" na "hiyo" kweli hayafanani.
Nikasema yanafanana kidogo, mwishoni.
"Basi," akasema.

Uliporudi, tulisikiliza namba nne yote,
sisi wawili, kwenye ile spika iliyopasuka.
Bado ni mbaya.
Nikachora mstari.