Sahani Chini ya Maji

Mezani pa daktari goti langu limeanikwa
kwenye picha nyeusi,
gegedu nyembamba kama karatasi ya sigara.
"Bibi Piroska, ulikuwa unaruka?"
Nilikuwa naruka. Miruko mitatu, miaka kumi na sita,
na kila nilipotua katikati ya safari
ardhi ilinidai uzito wangu mara kumi na zaidi,
deni la kufumba na kufumbua,
mlipaji mguu mmoja.
Hakuna aliyeniandikia risiti.

Sasa Jumanne na Ijumaa, alfajiri ya Szeged,
nashuka ngazi za bwawa la maji moto
pamoja na Gyöngyi, dereva wa tramu mstaafu,
na Bulcsú wa nyonga ya chuma,
asiyevua kofia yake ya sufu hata humu.

Maji kifundoni: bado ni mimi mzima.
Kiunoni: nusu yangu imeazimwa.
Kifuani nimebaki theluthi,
uzito niliokuwa nao darasa la pili.

Sakafuni wamelaza sahani ya kupimia kishindo.
Virág, mwanafunzi wa tiba ya viungo,
anainua kidole. "Ruka."
Naruka.
Maji yananishika nikipanda,
yananishika nikishuka,
nyayo zinagusa,
na kwenye skrini mstari unavimba, kichuguu tu,
pale ambapo zamani ingesimama sindano.

"Vizuri sana!"
Vizuri?
Mimi nilizoea kujibiwa.
Nilipokanyaga ubao, mfupa uliambia mfupa,
meno yakagongana, nikajua nipo.
Hapa unabisha hodi
na mlango umeshafunguka.

Gyöngyi anacheka hadi maji yanamwingia puani.
"Miaka thelathini na mitatu
kila kiungio cha reli kilinipanda uti wa mgongo.
Niache mahali pasipogonga."

Virág ananinong'oneza: "Usiruke. Sukuma. Haraka."
Nasukuma mguu mbele, na maji yanakaza.
Naongeza kasi maradufu,
yananikatalia mara nne.
Aha.
Kumbe nanyi mna ubishi!
Tunabishana hivyo, mimi na bwawa,
mpaka kengele, bila mtu kuumia.

Kisha ngazi.
Kiuno kinatoka, narudishiwa mapaja, tumbo, mikono,
kilo baada ya kilo,
hadi zote sitini na sita ziko juu ya goti hili
nalo linalalamika, kwa!
Bulcsú, nyuma yangu, anakamua kofia.