Kitabu cha Kwanza

Jicho la kushoto la shangazi Mbeleje limefungwa bendeji,
la kulia bado lina mtoto wake, mweupe kama togwa.
Wodi ya macho, Mvumi, saa mbili usiku.
Vumbi la Septemba linakwaruza wavu wa dirisha.
"Nisomee," anasema. "Chochote. Hata risiti."

Mkobani nina kitabu kimoja tu.
Nilikinunua Sabasaba, juu ya turubai, kati ya spana na sidiria za mitumba,
elfu mbili na mia tano, kona ya jalada imeliwa na panya.
Mgongoni kimeandikwa: Kitabu cha Kwanza.
Ni cha mapenzi na uchawi. Mimi nina miaka arobaini na mmoja,
nafundisha hesabu, na huwa nakifunika kwa gazeti.

Nasoma basi.
Kuna mji ambao jua lake hupigwa mnada kila asubuhi.
Msichana Irandi anaweka kivuli chake rehani
ili kaka yake asinyongwe.
Mtunza vivuli ni kijana asiyecheka;
anavikunja kama mashuka, anavipanga rafuni,
ila cha Irandi hakikunjiki.

"Ana ng'ombe wangapi?"
Hakijasema, shangazi.
"Kitabu kinene hicho, hakijasema?"
Kitanda cha tatu, Bibi Nyendo wa Chipogolo anakohoa:
"Mwache asome. Aliyeshika kivuli cha mtu, ng'ombe wa nini?"

Sentensi zikianza kujivalisha vilemba
nazivua, nazisema kwa Kigogo.
Ukurasa wa tisini wote wameshajua majina.
Wa mia na kumi, muuguzi Lazaro anakuja na dawa,
tone la kwanza, tone la pili,
chupa inabaki hewani: "Enhe, na yule kaka?"
Umeme unakatika. Jenereta inaguna, inagoma.
Nawasha tochi ya simu, asilimia kumi na tisa.

Ukurasa wa mia mbili themanini na nane
Irandi anaingia ghalani peku, kuiba kilicho chake,
na kijana yuko pale, hajalala,
na mkono wake
naruka.
Shangazi ndiye aliyenifundisha kufunga kanga.
Mbele yake sina ulimi wa mambo hayo.

"Sechelela."
Abee.
"Umegeuza kurasa mbili kwa pamoja.
Nimefungwa macho. Masikio hawajagusa."

Narudi. Nasoma kwa sauti ya kusimamia mtihani:
mkono, shingo, kivuli kikiwapanda wote wawili
kama maji ya moto ndani ya beseni.
Gizani mtu anavuta kamasi, sijui nani.
Shangazi hasemi kitu, vidole tu vinakunja blanketi,
vinakunjua, vinakunja.
Marehemu Chilewa sikuwahi kumwona akimshika hata kiwiko.

Saa tisa, asilimia mbili.
Irandi ameshika kitasa. Nyuma ya mlango mtu anamwita
kwa sauti ya kaka yake,
aliyenyongwa sura tano zilizopita.
Chini yake neno moja: Itaendelea.

"Lini?"
Cha pili hakijatoka, shangazi.
Kitanda cha tatu kinatoa tusi la Kigogo
ambalo hilo silitafsiri.

Asubuhi bendeji inatoka. Anapepesa, anatoa machozi,
anahesabu vidole vya daktari bila kukosea,
ananiambia nimekonda.
Kisha anaomba jalada, analisogeza, analirudisha mbali.
"Huyu siye," anasema. "Wangu alikuwa na mabega."

Daktari anaandika: kushoto safi.
Kulia, mrudi baada ya wiki sita.
"Na kitabu cha pili?" shangazi anamuuliza, kwa uchungu kabisa.
Daktari anafunua daftari lake la kliniki, analipima kwa kidole gumba.
"Hiki hiki kinatosha, mama. Kurasa bado zipo."

Bibi Nyendo anacheka mpaka anashikilia bendeji yake.